Kerezo la Sista

Wiki mbili kabla ya mama mkwe wangu kustaafu, wakubwa wa hospitali walimwita ofisini wakamuuliza angependa kuagwa kwa zawadi gani. Sisi nyumbani tulikuwa tumeshajadili friji litakaa wapi. Mume wangu alishapima kona ya jiko kwa utepe na kuhamisha soketi, maana yeye ni fundi umeme na havumilii waya unaoning'inia. Jioni mama akarudi, akavua viatu mlangoni, akakaa.

"Nimewaomba lile kerezo," akasema.

"Kerezo gani?" mume wangu akauliza.

"Lile la nyuma ya karakana. Linalonyeshewa."

Mimi nilijifanya nakoroga sufuria iliyokuwa imeshaepuliwa. Kuna mazungumzo ambayo mkwe akiwa na akili hayaingilii.

Kerezo, kwa asiyelijua, ni mashine ya kukereza chuma. Kipande cha chuma kinabanwa kwenye taya tatu, mota inakizungusha, na kisu kigumu kinakisogelea kidogo kidogo na kukimenya mpaka kiwe na unene unaoutaka. Zamani hospitali ililitumia kutengenezea ekseli za vitanda vya magurudumu na vipuri vingine vidogo. Fundi wake alipoondoka, vitu vikaanza kununuliwa vikiwa tayari, na kerezo likasukumwa nje, chini ya bati lililotoboka. Lilikaa huko miaka kumi na mmoja. Kuku wa mlinzi walikuwa wakitagia ndani ya trei yake.

Mama alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Mtaa mzima unamwita Sista, na hata mimi nikiwa mbali naye namtaja hivyo hivyo. Baadaye sana, tukiwa wawili tu tunachambua mboga, aliniambia lilianzia wapi. Alikuwa bado mwanagenzi, akatumwa karakana na mpini wa kitanda cha upasuaji uliokatika. Fundi wa wakati ule akamwonyesha mstari wa rangi sakafuni, akamwambia asimame nyuma yake, kisha akawasha.

"Mwanangu, nilisahau kurudi wodini," akaniambia. "Chuma kile kilikuwa kinatoka kama uzi. Kinang'aa. Nikasema moyoni, huyu mtu analipwa kufanya hivi?"

Tangu siku ile, mpaka kerezo liliposukumwa nje, akawa anakula chakula chake cha mchana karibu na dirisha la karakana. Miaka thelathini na mmoja, na hakumwambia mtu hata mmoja kwamba kazi ile anaitamani. "Ningemwambia nani? Sista mzima, nataka kukereza chuma?"

Lakini hayo nilikuja kuyajua baadaye. Jioni ile mume wangu alitoa macho tu. "Mama, hiyo mashine inakula mikono."

"Najua inavyokula. Kinachobaki, nilikuwa nakishika mimi."

Mume wangu akatia ngumu kwa njia yake. "Sawa. Lete. Lakini umeme siungi."

Likaja kwa lori, limefungwa kamba kama ng'ombe mkaidi. Wanaume sita walilishusha juu ya mbao, wakalisukuma kwa kuviringisha juu ya vipande vya bomba hadi kwenye stoo iliyo ubavuni mwa nyumba. Jirani yetu wa upande wa kushoto, fundi cherehani asiyepitwa na kitu, alichungulia ukutani. "Sista, umetuletea jeneza la chuma?"

"Nimekuletea mpangaji," mama akamjibu. "Huyu hapigi redio."

Kwa miezi saba kerezo halikuzungushwa hata mara moja. Mama alilifungua kama alivyofundishwa kufungua kila kitu, yaani kwa utaratibu. Kila kipande alikichora kwanza kwenye daftari, akaandika kilikaa wapi na kilielekea upande gani. Skrubu aliziweka kwenye makopo ya maziwa yaliyobandikwa plasta ya hospitali, na juu ya plasta akaandika kwa mwandiko wake ule wa kwenye kadi za wagonjwa. Kutu aliitoa kwa mafuta ya taa, brashi na subira. Kwenye zile reli mbili ndefu ambazo kigari cha kisu kinatembea juu yake, alikataa kabisa msasa mkavu. Alitumia jiwe laini lenye oili, tena kwa kupapasa. Siku moja nilimkuta ameinama juu yake, anapapasa, anafuta, anatazama. Nikamuuliza kama anataka chai. Hakusikia.

Kigari chenyewe kilikuwa kimegandia. Asubuhi na jioni alikinywesha dizeli iliyochanganywa na oili, akagonga taratibu kwa nyundo ya mti, akaenda zake. Siku ya kwanza, ya tano, ya kumi na mbili, hakuna kitu. Siku ya ishirini nilikuwa nafua nguo nikasikia jina langu linaitwa kama nyumba inaungua. Nikakimbia na povu hadi kwenye viwiko.

"Kimesogea!" mama akasema.

"Kiasi gani?"

Akanionyesha upana wa kidole. Hata siku mjukuu wake wa kwanza alipozaliwa sikumwona anacheka vile, na mjukuu huyo nilimzaa mimi.

Ilipofika hatua ya beringi na gia, aliona amefika mwisho wa ujuzi wake. Akamtafuta Milimita. Huyu alikuwa mkerezaji wa kiwanda cha nguo kabla hakijafungwa. Jina alipewa na wenzake kwa sababu kila akiagizwa kazi aliuliza "milimita ngapi?" lakini kwa kuwa ni mfupi, watu wengi wanadhani sababu ni nyingine, na yeye amechoka kueleza. Alipoingia stoo alivua kofia. Akapitisha kiganja juu ya reli kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nani kakusafishia?"

"Mimi mwenyewe, Fundi."

"Sista, kiwandani nilikuwa na vijana watano, na sikuwahi kuona reli zimesafishwa hivi."

Kwa mwezi mzima wakawa marafiki. Alimwonyesha jinsi ya kukaza beringi bila kuinyonga, na jinsi ya kujua kwa kucha kama gia imelika. Walibishana kuhusu oili kama ndugu wanaogombea shamba. Kisha asubuhi moja Milimita akaja na zawadi ndani ya mfuko, jozi mbili za glavu mpya nene, moja yake na moja ya mama.

"Tukianza kuwasha," akasema, "sitaki mikono ya Sista iharibike."

Nilikuwa nimewaletea chai, kwa hiyo nililiona lote. Mama alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaziweka juu ya benchi.

"Kubeba na kusafisha, nitazivaa. Mashine ikizunguka, hapana. Mimi wala wewe."

Milimita akacheka. "Miaka thelathini na minne nimekereza. Hesabu." Akanyoosha vidole vyake vyote kumi mbele ya uso wa mama.

"Nimeshavihesabu, Fundi. Ndicho kitu cha kwanza nilichokiangalia siku uliyokuja. Umebahatika."

Neno hilo lilimchoma. Nililiona likiingia. "Bahati? Wanaoumia ni wazembe, Sista. Tulikuwa naye mmoja pale kiwandani, rafiki yangu kabisa, tumekula sahani moja. Akaja kazini amelewa. Mashine ikavuta glavu na mkono ukaenda nayo. Watu wakasema glavu, glavu. Ilikuwa pombe! Harufu ilifika mpaka mlangoni."

Mama aliacha kufuta kile kipuri alichokuwa amekishika. Ana uso fulani ambao, nasikia, ulikuwa unawanyamazisha hata madaktari.

"Ulimuuliza?"

"Nimuulize nini?"

"Fundi, mimi habari za mgonjwa sizisemi, awe hai awe amekufa, na huyo yuko hai. Nakuuliza wewe tu. Ulimuuliza mwenyewe?"

Milimita alichukua kofia yake. Chai hakuigusa. Glavu zikabaki pale juu ya benchi, zote nne.

Hakuonekana siku tatu, wiki, wiki tatu. Mama hakumtaja. Aliendelea na kazi zisizohitaji fundi. Alipaka mashine rangi ya kijivu, na sakafuni akachora mstari mwekundu ambao mtazamaji hatakiwi kuuvuka. Ukutani akapigilia ubao, na kila kifaa akakichorea kivuli chake mahali pake, ili ukitazama mara moja ujue kipi hakipo. Kule chumba cha upasuaji, aliniambia, walihesabu kila mkasi na kila kipande cha pamba kabla ya kuanza, na tena kabla ya kushona. Hesabu isipotimia, daktari anasubiri, hata awe profesa.

Kisha akamwendea mwanawe pale mezani na kumwambia kwa upole kwamba kesho atakuja fundi umeme kuunga mashine.

"Fundi yupi?"

Mama akamtaja. Mume wangu akaweka kijiko chini. Ni yule anayeunga waya kwa plasta ya kidonda.

"Mama, umenitega."

"Nimekutega vipi? Wewe si umesema huungi?"

Jumamosi hiyo aliamkia stoo na sanduku lake la vifaa, uso umevimba kama aliyeng'atwa na nyuki. Waya za zamani panya walikuwa wamezila, akazitupa zote. Akachimbia nje ethi mpya, ule waya wa kuteremsha umeme ardhini. Akaweka kitufe kikubwa chekundu cha kuzimia mahali ambapo mama anaweza kukifikia hata kwa goti. Na akaweka swichi ya namna ambayo umeme ukikatika mashine ikazima, umeme ukirudi haijiwashi yenyewe mpaka mtu aibonyeze upya. "Umeme wetu unajulikana," akanieleza. "Mtu anaingiza mkono kusafisha, ghafla umerudi." Alifanya kazi ile siku mbili. Siku ya pili nilimsikia anapiga mluzi.

Milimita alirudi Jumatatu. Alisimama mlangoni bila kuingia, kofia mkononi, na mama akanyanyua stuli akaisogeza karibu naye. Mimi nilitaka kuondoka.

"Kaa, mkwe," Milimita akasema. "Si siri tena."

Akatueleza. Alikwenda kwa yule rafiki yake, ambaye sasa watu wanamwita Kushoto kwa sababu mkono huo ndio alionao. Ana duka la fotokopi upande wa pili wa mji, karibu na mahakama. Hawakuwa wamesemezana miaka ishirini na miwili.

"Nilifikiri atanifukuza. Akaniangalia, akasema, 'Umechelewa, chai imeisha.' Basi. Akaniwekea kiti."

"Ukamuuliza?"

"Nikamuuliza." Milimita alizungusha kofia mikononi. "Asubuhi ile vyuma vilikuwa na ncha kali, msimamizi akatugawia glavu. Yeye alikataa kwanza, akaambiwa asijifanye mjuaji. Pombe hakugusa. Alipoanguka aliangukia meza ya nyuma yake, chupa ya spiriti ikammwagikia shati lote. Ile spiriti ya kufutia vipuri." Akameza mate. "Meza ile ilikuwa yangu, Sista. Chupa niliiacha wazi mimi."

Nje jirani alikuwa anaendesha cherehani yake, inaanza na kuacha, inaanza na kuacha.

"Nilikuwa namwambia kila mtu alikuwa amelewa," Milimita akasema. "Hata hospitali sikwenda kumwona. Na wewe ulijua."

"Nilijua mkono, Fundi. Yaliyobaki yalikuwa yake ya kusema."

"Nilimwomba msamaha."

"Akasemaje?"

"Akasema nimsaidie kufunga duka, bega linamsumbua."

Mama alitikisa kichwa polepole, kisha akainuka, akaenda ndani, akarudi na kipande cha sabuni na bakuli la maji. Milimita akaangalia, hajaelewa.

"Pete," mama akasema. "Nayo inavutwa kama glavu."

"Sista, hii haijatoka tangu siku ya harusi."

"Itatoka leo. Mkeo akiuliza, mwambie nimeivua mimi, aje tugombane."

Ilichukua sabuni, mafuta ya kupikia na matusi madogo madogo, ikatoka. Milimita alicheka hadi akafuta macho, na sidhani yote yalikuwa kicheko.

Siku ya kuwasha ilikuwa Jumamosi, asubuhi, jua limeingia vizuri mlangoni. Kushoto alikuja, mtu mrefu, mtaratibu, mkono wa shati la kulia umekunjwa na kushonwa vizuri. Sisi watazamaji tulipangwa nyuma ya mstari mwekundu, jirani cherehani akiwemo. Mimi nilivuliwa bangili hata kabla ya kukaribia, na mtandio nikaambiwa niuache ndani ya nyumba. Mama alikuwa amevaa koti la mikono mifupi, nywele zimebanwa ndani ya kofia yake ya zamani ya upasuaji, miwani ya kukinga macho usoni. Alibana kipande cha chuma kwenye taya, akakikaza, akaweka kisu sawa. Mkono ukaelekea kwenye swichi.

Ukasimama hewani. Akageuka kuutazama ubao.

Akaanza kuhesabu kwa midomo bila sauti. Kivuli kimoja ubaoni kilikuwa kitupu. Kilikuwa cha ufunguo wa kukazia taya, chuma kizito chenye umbo la msalaba, na ufunguo wenyewe ulikuwa pale pale alipouacha yeye mwenyewe, umechomekwa kwenye taya. Angewasha, ungeruka kama risasi, na aliyekuwa mbele yake alikuwa yeye.

Mama aliuchomoa, akautundika ubaoni, akakaa kwenye stuli. Mume wangu akavuka mstari hatua moja.

"Mama, tuache leo."

"Subiri," Kushoto akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza tangu salamu. Akamgeukia mama. "Sista, umehesabu, umeuona. Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Pumzika, halafu uhesabu tena."

Alipumzika kiasi cha kunywa glasi ya maji. Akahesabu tena, vyote vilikuwepo. Akaizungusha mashine kwa mkono mzunguko mmoja kamili, kuhakikisha hakuna kinachogusa. Akawasha.

Nilitegemea kelele. Kumbe lilikuwa linavuma tu, kama mtu anayeimba na mdomo umefungwa. Mama akazungusha gurudumu dogo, kisu kikasogea, kikagusa, na uzi wa chuma ukaanza kutoka, mwembamba, unajikunja, rangi ya fedha kisha ya samawati kidogo. Usoni mwake, nyuma ya ile miwani, hapakuwa na tabasamu wala chochote. Alikuwa ameenda mbali. Nadhani ndivyo alivyokuwa siku ile aliyosahau kurudi wodini.

Uzi uliporefuka alizima kwanza, akaisubiri mashine isimame kabisa, kisha akauondoa kwa kijiti chenye ndoano. "Nyuzi hizi usizishike kwa mkono," akatugeukia kama anafundisha wanagenzi. "Zinakata kuliko kisu cha daktari." Mume wangu akaomba ruhusa, akaenda kuzima umeme wa nyumba nzima mashine ikiwa imewashwa tena, akaurudisha. Kerezo likabaki kimya, likisubiri kubonyezwa. Hapo ndipo mabega yake yalipolegea.

Kazi yenyewe ya kwanza, tuseme ukweli, ilikuwa mbovu. Milimita alipima kile kipande, upande mmoja ukawa mnene kuliko mwingine. Alifurahi kupita kiasi, nadhani kwa kupata kitu cha kurekebisha. Sakafu ya stoo haikuwa sawa, kwa hiyo reli zilikuwa zimejipinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni. Wiki mbili walikuwa wamelala chini kifudifudi, yeye na mama, wakiingiza vibati vyembamba chini ya miguu ya mashine na kugombana juu ya kipima maji. Jirani alipochungulia aliuliza kama wamepoteza sarafu.

Sasa ni mwaka wa tatu. Mama anakereza Jumanne na Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Akiwa amechoka au amekasirika, hagusi. Aliwahi kurudi kutoka msibani Jumanne moja, akafungua stoo, akaangalia mashine, akafunga. Hauzi kitu. Ametengeneza bawaba za geti letu, ekseli ya toroli ya kuni ya shule ninayofundisha, na kipini cha cherehani ya jirani, ambacho jirani anakionyesha kwa wateja. Hospitali ilipokwama kupata ekseli ndogo za kitanda kimoja cha zamani, walimletea, akazikereza nne, na barua yao ya shukrani ameibandika stoo chini ya ubao.

Milimita na Kushoto wanakuja Jumamosi wakiwa pamoja. Kushoto anakaa kwenye stuli, nyuma ya mstari. Mwanzoni nilidhani itamwia vigumu kutazama. Nikamuuliza siku moja, kwa kuzungukazunguka, akanishangaa. "Shemeji, mashine haikunikosea kitu," akasema. Siku nyingine mama humwachia gurudumu la kigari, naye hulizungusha kwa huo mkono wa kushoto, taratibu mno, na kazi yake hutoka nyororo kuliko ya wote wawili. Milimita hukasirika kidogo, kwa upendo.

Mwaka huu mama amejitia kichwani kwamba lazima ajue kukata nyuzi za bolti, ile mifereji inayoshika nati, kazi ambayo Milimita anasema ilimchukua yeye miaka miwili. Kigari lazima kitembee sawasawa na mzunguko, na ukichelewa kuondoa kisu kwa nukta moja, umeharibu. Ameshaharibu bolti saba. Jumamosi iliyopita alitoa ya nane, akaifuta, akachukua nati, akaanza kuizungusha. Ikaingia mzunguko mmoja, miwili, mitatu. Wazee wawili wakasogea mpaka kwenye mstari. Katikati ikakwama.

Mama alijaribu kuisogeza mbele, ikakataa. Kurudi nyuma, ikakataa vilevile.

"Milimita ngapi zimebaki?" Kushoto akauliza, na Milimita akamtupia kitambaa cha oili.

Mama alikuwa ameiinua bolti kwenye mwanga wa mlango, anaigeuza huku na huku, anaitafutia kosa. "Nusu nzima imeingia," akasema, na akaenda kukata chuma kingine.